Odell Gadsden Hakuwahi Kukamatwa

Katika mji wa Denby, Carolina Kusini, Marekani, kulikuwa na miaka ambapo mtu mweusi aliyesoma chuoni na asiyewahi kulala jela alitazamwa kama mtu anayeficha jambo. Odell Gadsden alikuwa mtu wa namna hiyo. Hakuwa na kosa lolote, na hilo hasa ndilo lililokuwa kosa lake.

Mambo yalianzia katika chumba cha chini ya kanisa la Mchungaji Mobley, majira ya baridi ya mwaka 1960. Wanafunzi wa Mount Hebron, chuo cha weusi kilichokuwa juu ya kilima nje kidogo ya mji, walikuwa wamekusudia kwenda dukani, barabara kuu. Katika duka lile mtu mweusi aliweza kununua soksi, sufuria, penseli, hata samaki hai ndani ya chupa, lakini hakuruhusiwa kukaa kwenye kaunta akanywa kahawa. Mpango ulikuwa mwepesi kuueleza. Wavae nguo za kanisani, waende, wakae, waagize kahawa, wakataliwe, wasiondoke. Wakitukanwa wasijibu. Wakipigwa wasirudishe. Polisi wakija, wasimame waende nao kimya.

Kuagiza kahawa hakukuhitaji mazoezi. Kutojibu ndiko kulikohitaji.

Kwa hiyo walipanga viti vya shule ya Jumapili kwa mstari, nusu yao wakakaa wakiwa wanafunzi, na nusu wakasimama nyuma yao wakiwa wazungu. Aliyesimamia mambo yote ni Vernell Tisdale, msichana wa mwaka wa mwisho katika sayansi ya nyumbani. Walimchagua kuwa mwenyekiti kwa sababu alikuwa na saa ya mkononi, na sauti ya mtu mwenye saa.

Shida ilijitokeza mapema. Hakuna aliyeweza kuwa mzungu.

"Samahani, dada," alisema Lutie Capers, msichana mfupi wa mwaka wa kwanza, akiwa nyuma ya kiti cha mwenzake. "Naomba uniachie hicho kiti, kama haikusumbui."

"Lutie," alisema Vernell, "hao watu hawatakuomba."

"Mama alinikataza kutukana kanisani."

"Hapa ni chini ya kanisa."

Lutie alifikiri kidogo. "Basi ondoka, tafadhali," alisema.

Royal Pettiford naye alijaribu. Royal alikuwa mtoto wa daktari wa meno, kijana mrefu mwenye sura nzuri, naye alikuwa na habari zote za sura hiyo. Alikunja uso, akanyoosha kidole, akasema, "Ondoka hapo, we... we mtu," kisha akaangua kicheko, na chumba kizima kikacheka naye.

Vernell alitazama saa yake, akatazama chumba, akamwona kijana aliyekaa karibu na tanuri la makaa. Alitoka shamba, kwenye njia panda, mwendo mrefu kutoka mjini. Aliimba sauti ya chini katika kwaya ya chuo, na nje ya kwaya hakuna aliyekumbuka kumsikia akisema kitu.

"Wewe wa kwaya," alisema Vernell. "Hujafungua mdomo tangu Jumatatu. Zamu yako."

Odell alisimama. "Royal peke yake, au wote?"

"Anza na Royal."

Alivua miwani akaitia mfukoni. Kisha akatembea polepole hadi nyuma ya kiti cha Royal, mikono mifukoni, tumbo mbele, ingawa hakuwa na tumbo.

"Hujambo, boi," alisema kwa upole. Upole ule ndio ulionyamazisha chumba. "Tai nzuri hiyo. Umemvua maiti gani?"

Royal alitabasamu.

"Anacheka," Odell aliwaambia wazungu wenzake ambao hawakuwapo. "Nawapenda wakicheka. Mbwa wa kwetu hucheka hivyohivyo nikimpa mifupa." Alichukua chupa ya chumvi iliyokuwa karibu na sahani za chakula, akaanza kuinyunyiza juu ya nywele za Royal, taratibu, kama mtu anayekoleza mchuzi. "Umekuja kula, si ndiyo? Tulia basi, nakukoleza. Mama yako hajambo? Mwambie nimemsamehe. Miaka yote ile anafua mashati yetu, na kila wiki kifungo kinapungua. Muulize alikuwa anavipeleka wapi."

Mama yake Royal hakuwahi kufua shati la mtu yeyote. Nyumbani kwao walikuwa na mtu wa kufua. Hata hivyo Royal aliruka kutoka kwenye kiti, ngumi juu.

"Kaa," alisema Vernell. "Umeshindwa."

"Mama yangu hajawahi kugusa—"

"Umeshindwa, Royal."

Odell alivaa miwani yake. Alitoa leso, akaanza kupangusa chumvi kichwani mwa Royal. "Samahani, kaka. Imeingia sikioni?"

Walimuuliza alikojifunzia.

"Dukani kwa bwana Hatch, kule njia panda," alisema. "Nilifagia pale tangu nikiwa mdogo. Wazungu walikuwa wanaongea huku nafagia."

"Walikuwa wanakutukana?"

"Mara moja moja. Mara nyingi walikuwa wanaongea tu."

Tangu siku ile, mtu hakuruhusiwa kwenda kwenye kaunta kabla ya kukalishwa mbele ya Odell hadi Vernell aseme basi. Waliuita mtihani. Lutie alilia mara ya kwanza, akaenda bwenini, akarudi kesho yake na leso mbili. Vernell mwenyewe alikaa, kwa sababu alitaka kuonyesha kwamba mwenyekiti hana upendeleo. Odell alimzunguka kimya kwanza.

"Nasikia unasomea mapishi, binti," alisema mwishowe. "Miaka minne ya chuo ili uje uniunguzie mayai. Mama yako aliyaunguza bila shahada."

Vernell hakupepesa macho. Baadaye alisema kwamba tusi lile lilimuuma kwa sababu baba yake alikuwa ameshamwambia karibu maneno hayohayo.

Odell aliyafanya haya yote kwa sababu moja. Alitaka kukaa kwenye kaunta. Alitaka kitu hicho jinsi wengine wanavyotaka kuoa. Kila jioni, viti vikishakunjwa, alimfuata Vernell na kumuuliza.

"Kundi la kwanza limejaa," alisema Vernell. "Utakwenda la pili."

Kundi la kwanza likaenda, likakamatwa, likakaa jela ya wilaya, likarudi. Royal alirudi na jeraha juu ya jicho na furaha isiyo na mfano.

"Wana matusi matatu tu," aliwaambia. "Wanayarudia kama kasuku. Wakikosa la kusema wanaanza upya."

"Mmoja alinimwagia kahawa," alisema Lutie. "Nikamkumbuka Odell, nikaona huyu hata hajajiandaa."

Wote walimgeukia Odell wakampigia makofi. Odell aliinamisha kichwa. Ilikuwa sifa, na alijua gharama yake.

"Kundi la pili," alimkumbusha Vernell.

"Odell, umesikia wanavyosema. Ukikamatwa nani atawatahini wa kundi la tatu? Lutie?"

Lutie alisema, "Naweza kujaribu, tafadhali," na hoja ikaisha.

Likaenda la pili, na la tatu. Jina la Odell lilikuwa linasogezwa mbele kama nguo ya baridi inayosubiri mtoto akue. Mwezi wa nne alichoka. Jumanne moja aliamka, akanyoosha suruali yake kwa pasi, akavaa tai, akashuka kilima peke yake bila kumwambia mtu. Aliingia dukani akipita kwenye soksi na samaki. Alipofika kwenye kaunta alikuta viti vimeng'olewa. Zilibaki nguzo za chuma tu, zimepangwa kwa mstari, na karatasi iliyosema kaunta imefungwa mpaka itakapotangazwa. Wenye duka walikuwa wamechoka pia.

Odell alisimama mbele ya nguzo moja. Aliweza kuikalia, lakini aliona hata polisi wangemhurumia. Askari mzee aliyekuwa mlangoni alimsogelea.

"Umekuja kukamatwa?"

"Ndiyo, bwana."

"Imefungwa. Hukusoma gazeti?"

"Hapana, bwana."

"Rudi nyumbani, boi. Sina la kukushitakia."

Odell alinunua jozi ya soksi ili safari isiwe bure, akapanda kilima.

Majira ya joto duka lilisalimu amri, viti vikarudishwa, na kaunta ikawa ya watu wote. Odell alikwenda, akakaa, akaagiza mkate wa jibini. Mhudumu, msichana wa kizungu, aliuleta. Odell alikuwa amejiandaa miezi mingi kunyamaza. "Kuna kingine, bwana?" msichana aliuliza, na Odell akalazimika kusema, "Hapana, asante." Mkate ulikuwa wa kawaida.

Miaka ikapita. Odell akamwoa binti wa mzee Simms mwenye nyumba ya mazishi, biashara ya kuzika watu, na mzee alipochoka, akawa yeye ndiye mwenye nyumba ya mazishi. Ilikuwa kazi inayomfaa mtu mkimya. Pia ilikuwa karibu kazi pekee Denby ambayo wazungu hawakuweza kumfukuza mtu kwayo, kwa sababu hawakuwa wateja. Sheria ya kura ilipobadilika, magari marefu meusi ya Odell ndiyo yaliyowapeleka wazee mahakamani kujiandikisha kupiga kura. Wengi walikuwa wamedhani watayapanda mara moja tu maishani, tena bila kujua. Walisema afadhali wameyapanda wakiwa macho.

Kisha, mwaka 1974, mahakama ikaamuru ramani ya uchaguzi ichorwe upya, na upande wa weusi wa reli ukapata eneo lake la uchaguzi. Kwa mara ya kwanza tangu enzi za babu za babu zao, weusi wa Denby wangeweza kumpeleka mtu wao katika bunge la jimbo. Mchungaji Mobley aliita mkutano kanisani ili wachague mtu mmoja wa kusimama kwenye mchujo wa chama, wasije wakagawana kura na wazungu wakapita katikati.

Waliojitokeza ni wawili, Royal Pettiford na Odell Gadsden.

Odell alikuwa hajamwambia mtu, hata mkewe, kwa nini alitaka kiti kile. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amekaa kwenye vikao ambavyo watu walianza kwa kujitambulisha. Huko Denby mtu hakusema tu jina lake. Alisema, "Shemasi Toomer, jela ya wilaya, mwezi wa tatu." Au, "Capers, jela ya wilaya mara mbili, na ya mji mara moja." Walitaja jela kama watu wengine wanavyotaja shule. Ikifika zamu yake, yeye alisema, "Gadsden," akakaa. Alitaka, mara moja kabla hajafa, watu wale wamhesabu.

Siku ya mkutano joto lilikuwa kali. Kila mtu kanisani alikuwa anajipepea kwa pepeo za karatasi, na kila upepeo ulikuwa na maandishi ya Simms na Gadsden, kwa sababu nyumba ya mazishi ndiyo iliyozigawa bure. Royal alilalamika kwamba hiyo ni kampeni. Mchungaji alimjibu kwamba ni hali ya hewa.

Royal alizungumza kwanza. Alikuwa wakili sasa. Alikuja na picha yake ya polisi, ile aliyopigwa jela akiwa na namba kifuani, ameikuza na kuitia fremu, akaiegemeza kwenye mimbari.

"Mnanijua," alisema. "Na kama hamnijui, polisi wananijua." Watu walicheka, wakaitikia. Picha ilikuwa nzuri. Hata namba ilimpendeza.

Odell alipanda akiwa na suti nyeusi, kwani alitoka mazishini. "Nimewazikia watu wenu," alisema. "Ningependa niwafanyie kitu na ninyi mkiwa hai." Akashuka.

Baadhi walisema ndiyo. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote zilizowahi kutolewa pale, na hilo peke yake lilimpa kura kadhaa.

Ndipo Dada Ozella Bright aliposimama. Dada Ozella alikuwa mkuu wa wahudumu wa kanisa, mwanamke mwembamba mwenye glovu nyeupe, na mtu hakuingia wala kutoka kanisani mle bila yeye kumwangalia miguuni.

"Mchungaji, nina swali kwa kaka wa mazishi," alisema. "Kaka, ulifungwa wapi?"

"Sikufungwa, Dada Ozella."

"Nilidhani hivyo. Sasa nina la pili. Mwaka ule wa kaunta mimi nilikuwa jikoni humu, juu ya chumba cha chini, nawakaangia kuku hao watoto. Nikasikia sauti ya mwanamume inawatukana. Inawaita boi. Inamtukana Vernell na masomo yake. Nikasema, mzungu ameingia kanisani, nikachukua kisu cha kuku nikashuka. Nilipochungulia mlangoni nikakuona wewe. Nikarudi jikoni. Miaka yote hii nimesubiri mtu anieleze."

Pepeo zilisimama.

Odell alifungua mdomo kujieleza, lakini wenzake walimtangulia. Hawakutaka ateseke. Lutie Capers, ambaye sasa alikuwa muuguzi, alisimama wa kwanza.

"Dada Ozella, yale yalikuwa mazoezi," alisema. "Odell alitufundisha kuvumilia. Mimi aliniambia miguu yangu imetengenezwa kwa ajili ya kuzuia mlango usijifunge. Nililia usiku kucha. Lakini kule kaunta hakuna aliyeniambia kitu kibaya hivyo."

"Miguu yako?" aliuliza mama yake Lutie, ambaye alikuwa amekaa mstari wa pili.

Shemasi Toomer akasimama. "Ni kweli kabisa. Mimi aliniambia nina sura ya kitu kilichosahauliwa kwenye mvua. Namshukuru mpaka leo."

"Alimwambia binamu yangu kwamba mtoto wake amefanana na jirani," alisema mwingine kutoka nyuma, kwa moyo mkunjufu. "Na ni kweli amefanana naye. Lakini binamu hakujibu. Ndivyo alivyotufunza."

Waliendelea kusimama mmoja baada ya mwingine, wakishindana kwa upendo, kila mmoja akikumbuka neno kwa neno. Waliyakumbuka vizuri kuliko zaburi. Kanisa lilikuwa limejaa mabibi, na mabibi wale walikuwa wakisikia kwa mara ya kwanza yaliyosemwa juu ya watoto wao, juu ya wapwa zao, na katika mambo mawili matatu juu yao wenyewe. Odell aliinua mkono kuwazuia. Walidhani anawasalimia.

Mwishowe Mchungaji Mobley mwenyewe aliona si haki kubaki kimya. "Hata mimi nilikaa kwenye kiti kile," alisema. "Aliniambia ninauza mbingu kwa watu wasio na nauli ya kufika mjini." Alipangusa jasho shingoni. "Hilo bado ninalitafakari."

Vernell alikuwa wa mwisho. Alikuwa mwalimu mkuu msaidizi, na saa ilikuwa bado mkononi. "Kila wiki aliomba kwenda, na kila wiki nilimzuia," alisema. "Ningemzuia tena. Makundi matano yalikwenda kwenye kaunta ile na hakuna mtu wetu hata mmoja aliyerudisha ngumi. Nimemaliza."

Lakini maji yalikuwa yamemwagika. Walipopiga kura kwa mikono, Royal alishinda kwa mbali. Dada Ozella hakuinua mkono wake upande wowote. Odell alimpa Royal mkono, akawasaidia vijana kukunja viti, akakusanya pepeo zake, akaenda zake. Nyumbani mkewe alipakua chakula. Walikula mkate wa mahindi na maharage wakasikiliza redio.

Wiki ya pili Vernell alimpigia simu. Royal alikuwa ameshinda mchujo, na sasa alitakiwa kwenda kwenye mdahalo katika ukumbi wa wilaya, kupambana na mgombea wa chama kingine, mzungu aliyeuza matrekta na kusifika kwa ulimi.

"Royal bado anaruka akiguswa," alisema Vernell. "Unamjua. Akiruka mbele ya watu wale tumekwisha. Tunakuhitaji Jumamosi mchana, chini ya kanisa."

Odell aliiandika Jumamosi hiyo kwenye daftari lake la mazishi.

"Nitakuja," alisema.

Jumamosi alifika na suti yake ya kazi. Royal alikuwa ameshakaa kwenye kiti, tai imenyooka. Vernell alisimama pembeni. Odell hakuvua miwani.

"Nitaifanya," alisema. "Ila kwanza nikae mimi."

"Ukae wapi?" aliuliza Royal.

"Hapo ulipo. Sijawahi kufanya mtihani."

Walitazamana. Royal aliinuka polepole. Odell akakaa, akaweka mikono juu ya magoti, akatazama ukuta. "Nani ataanza?"

Royal alikohoa. "Haya. Wewe... mzika watu." Alifikiri. "Una magari marefu mno."

Odell alisubiri.

"Na miwani," aliongeza Royal. "Siwezi, Odell. Ulimzika baba yangu."

Vernell alijaribu. Alisimama nyuma ya kiti, akavuta pumzi. "Odell Gadsden," alisema, "hujawahi kuwasilisha taarifa ya kamati kwa wakati."

"Hilo ni kweli," alisema Odell.

"Usijibu."

"Samahani."

Dada Ozella alikuwa ameshuka kuchukua mabakuli yake ya pai ya viazi vitamu yaliyoachwa tangu mkutano. Alisimama mlangoni na jagi la chai ya barafu mkononi, kwa kuwa alikuwa mtu asiyeshuka ngazi mikono mitupu. Aliwaangalia wote watatu.

"Watu wazima mnafanya nini?" aliuliza.

Vernell alimweleza. Dada Ozella alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia, akaweka jagi mezani karibu na kiti.

"Mnataka awe mwanamume au mwanamke?"

"Nani?" aliuliza Royal.

"Mzungu."

"Upendavyo, Dada Ozella," alisema Odell, macho ukutani.

Dada Ozella alikuwa amepika katika nyumba moja ya wazungu upande wa pili wa reli tangu akiwa msichana mpaka magoti yalipomkataa. Alivua glovu zake kidole kimoja kimoja. Alipozungumza, sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa laini, tamu, ya mtu ambaye hajawahi kubeba kitu kizito.

"Odell, mpenzi," alisema. "Nani amekuambia ukae?"

Alimzunguka. "Wewe ndiye mzuri wao, nilimwambia mume wangu. Wale wengine walikuja mjini kutuletea fujo, lakini Odell alibaki. Odell alibaki chini, na viti, na wasichana. Ana akili yule. Anajua mahali pake."

Odell hakusogea.

"Nawe unatusema vizuri sana, mpenzi. Hata sisi hatujisemi vizuri hivyo. Mtu hawezi kuyabeba maneno ya watu miaka yote hiyo asiyapende. Niambie kweli, kifuani humo kuna sauti yako hata moja, au ni yetu tu?" Aliinama karibu na sikio lake. "Wenzako wana namba zao za jela. Wewe una soksi."

Habari ya soksi alikuwa amemwambia mkewe peke yake. Mkewe na Dada Ozella walikuwa chama kimoja cha kina mama.

Royal alipiga hatua mbele. Vernell akamzuia kwa kiganja bila kuondoa macho kwenye saa.

Dada Ozella aliinua jagi akalimimina, taratibu, juu ya kichwa cha Odell. Chai ilishuka kwenye miwani, ikashuka kwenye kola, barafu ikamwingia ndani ya koti la mazishini. Mikono yake ilibaki juu ya magoti. Midomo yake ilitikisika kidogo, kisha ikatulia. Dada Ozella aliendelea, na yaliyofuata hayakuwahi kusimuliwa na yeyote kati ya watatu wale. Aliendelea mpaka Vernell aliposema basi.

Hakuna aliyepiga makofi. Tone la chai lilisikika likianguka sakafuni.

"Amefaulu?" aliuliza Dada Ozella kwa sauti yake mwenyewe.

"Amefaulu," alisema Vernell.

"Nipe hilo koti, kaka. Doa la chai halitoki kwa maji matupu." Alisubiri alivue, akalikunja juu ya mkono wake. "Mimi nilidhani ulikuwa unafurahia, siku zile."

"Hapana, dada."

"Sasa naona."

Odell alipangusa miwani kwa ncha ya shati, akaitia mfukoni, akamwonyesha Royal kiti. Kiti kilikuwa kimelowa. Royal alikaa hivyohivyo. Wiki iliyofuata ukumbini muuza matrekta alimtupia kila alichokuwa nacho, na Royal alimsikiliza kwa uso wa mtu anayesubiri basi. Mwezi wa kumi na moja alishinda, akaenda bungeni Columbia, makao makuu ya jimbo.

Hakukaa sana. Mihula miwili baadaye alipewa ujaji, akaihamishia fremu yake ofisi mpya, na kiti kikabaki wazi. Mchungaji Mobley aliita mkutano. Safari hii Odell alikuwa peke yake, lakini kijana mmoja aliyekuwa amehamia mjini karibuni, asiyejua mambo, aliuliza mgombea alifungwa wapi. Dada Ozella aligeuka kwenye kiti chake.

"Huyu nimemtahini mimi," alisema. "Kaa chini."

Kijana akakaa.

Odell alilitumikia bunge lile mpaka figo zilipomshinda. Alisema machache, na wapinzani wake waligundua haraka kwamba kumchokoza ni kupoteza muda. Alipitisha muswada wa maji ya bomba kwa upande wake wa reli baada ya kuuleta kila mwaka bila kukasirika, na mengine madogo ambayo watu wa Denby wanayatumia kila siku bila kujua yalitoka wapi. Walipomzika, waliokuja kusema machache kanisani walisema mengi, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwakatiza.

Siku yake ya kwanza Columbia, miaka mingi kabla ya hapo, Vernell alimsindikiza. Walifika mapema mno. Ukumbi ulikuwa mtupu, taa nusu zimewashwa, meza zimepangwa kwa mistari, na juu ya meza moja palikuwa na kibao kipya chenye jina la Gadsden. Odell alikwenda moja kwa moja, akavuta kiti, akakaa, akaweka mikono juu ya magoti. Vernell alibaki kwenye roshani ya wageni.

Mlinzi wa ukumbi, mzee wa kizungu mwenye funguo nyingi, alikuja akipita kati ya meza.

"Bwana, kikao bado sana," alisema. "Kuna kahawa chumba cha pili, kama ungependa kusubiri huko."

"Asante," alisema Odell. "Nitakaa hapa."

"Hakuna mtu kabisa, bwana. Utachoka."

"Sidhani."

Mlinzi alimtazama kidogo, akaona hakuna la kufanya, akaenda kuwasha taa zilizobaki.